Herufi na Ulimi: Uhakiki wa Neno "Literature" na Kisawe Chake "Fasihi"

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyopewa visawe vya Kiswahili, yako mengi yaliyopokelewa bila mjadala na bila hasara. Neno "literature" si mojawapo ya hayo. Ni neno la kawaida kabisa, lisikikalo darasani, hospitalini, dukani na hata katika mikutano ya siasa. Lakini kila linapovushwa kuingia katika Kiswahili hupitishwa katika kivuko kimoja tu, nacho ni neno "fasihi". Katika kuvuka huko kuna mzigo uangukao majini, na kuna mwingine uokotwao ng'ambo bila ya mwenyewe kujua.

Makala haya yanakusudia kuichunguza mizigo hiyo miwili. Hoja yake ni kwamba neno la Kiingereza limejengwa juu ya herufi, ilhali neno la Kiswahili limejengwa juu ya ulimi. Na kwamba kwa kuyachukua maneno haya kuwa ni pacha, wataalamu wa Kiswahili wamejitwika ugomvi usiokuwa wao, huku wakiiacha nyuma fadhila iliyo yao. Suala hili si la kamusi peke yake. Linagusa namna somo la fasihi linavyofafanuliwa vyuoni, namna tasnifu zinavyoandikwa, na namna sanaa ya wasiojua kusoma inavyopimwa na wale wajuao.

Asili na mwendo wa neno "literature"

Shina la neno hili ni neno la Kilatini "littera", yaani herufi. Kutokana nalo Warumi waliunda neno "litteratura", ambalo Quintilian, mwalimu wa balagha wa karne ya kwanza, alilitaja kuwa ni tafsiri ya neno la Kiyunani "grammatike". Maana yake, basi, ilikuwa ni elimu ya herufi: kusoma, kuandika, na kuzijua kanuni za lugha iliyoandikwa. Katika Ulaya ya zama za kati mtu aliyeitwa "litteratus" alikuwa ni yule ajuaye Kilatini. Mtu angeweza kuwa malenga mkubwa katika lugha ya mama yake, akatunga na kughani mbele ya wafalme, na bado akahesabiwa miongoni mwa wasio na elimu hiyo.

Neno lilipoingia katika Kiingereza, mnamo karne ya 14, liliingia na maana hiyo hiyo ya elimu ya vitabuni. Halikuwa jina la vitu, bali lilikuwa jina la sifa ya mtu: mtu alisemwa kuwa ana "literature" kama vile leo asemwavyo kuwa ana elimu. Hata Samuel Johnson alipoitoa kamusi yake mwaka 1755, alilieleza neno hili kwa maana ya elimu na ustadi wa mambo ya herufi. Riwaya, tamthilia na mashairi hayakutajwa kuwa ndiyo kiini chake.

Katika karne ya 19 ndipo neno lilipohama kutoka katika sifa ya msomaji na kuwa jina la yale yasomwayo. Mwanzoni uwanja wake ulikuwa mpana mno. Madame de Staël, katika kitabu chake cha mwaka 1800 kuhusu "littérature" na uhusiano wake na taasisi za jamii, aliitia falsafa ndani ya neno hilo la Kifaransa. Macaulay naye, alipoandika waraka wake wa mwaka 1835 juu ya elimu ya Uhindi, alitumia neno la Kiingereza kwa upana huo huo alipoyapima maandishi ya Kihindi na ya Kiarabu kwa mizani ya rafu za vitabu za Ulaya. Jambo la kuzingatiwa hapa si kwamba alikiri hakuzijua Kisanskriti wala Kiarabu, ingawa alikiri hivyo. La kuzingatiwa ni kipimo chenyewe. Mwenye kupima kwa rafu hupima kilichoandikwa tu, na kisichoweza kuwekwa rafuni hakina uzito wowote katika mizani yake.

Baadaye neno likabanwa zaidi, likawa linataja maandishi ya kisanaa na ya kubuni. Kubanwa huko kulikwenda sambamba na kuzaliwa kwa somo jipya katika vyuo vikuu. Huko Oxford shahada ya lugha na fasihi ya Kiingereza ilianzishwa mwaka 1894, na huko Cambridge mtihani wa Kiingereza wa shahada ulianzishwa mwaka 1917. Yaani maana ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliletewa kana kwamba ni ya tangu na tangu, ilikuwa haijapata hata karne mbili, na somo lililoisimamia lilikuwa changa kuliko baadhi ya babu za wanafunzi hao.

Hata hivyo maana zile kongwe hazikufa. Daktari wa Kiingereza asemapo "literature" juu ya ugonjwa fulani, hakusudii mashairi. Anakusudia jumla ya yote yaliyochapishwa kuuhusu ugonjwa huo. Mchuuzi wa mashine naye hutumia neno lilo hilo kwa karatasi zielezazo bei na matumizi ya bidhaa zake. Tuzo ya Nobeli nayo inathibitisha kwamba mipaka ya neno haijapata kufungwa: mwaka 1902 ilipewa Theodor Mommsen, mwanahistoria, mwaka 1950 Bertrand Russell, mwanafalsafa, mwaka 1953 Winston Churchill, kwa maandishi yake ya kihistoria na ya wasifu pamoja na hotuba zake, na mwaka 2016 Bob Dylan, mwimbaji. Mwaka 2021 ikamfikia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye ni mwandishi wa riwaya. Neno moja limewakusanya wote hawa. Kinachowaunganisha ni herufi zaidi kuliko ubunifu, na hata herufi zenyewe kwa Dylan hazitoshi.

Asili ya neno "fasihi"

Neno "fasihi" lina nasaba nyingine kabisa. Linatokana na Kiarabu "fasih", lenye maana ya aliye wazi na mwenye ufasaha. Wanakamusi wa Kiarabu huionyesha maana ya asili ya mzizi huu kwa mfano wa maziwa: maziwa husemwa kuwa yamekuwa "fasih" pale povu linapoondoka juu yake yakabaki safi. Kutoka katika maziwa, maana ikahamia katika usemi: usemi fasihi ni ule uliokwisha kuondolewa povu, usiomfichia msikilizaji kilichomo. Ndiyo sababu Kiarabu sanifu kikaitwa "al-fusha".

Katika Kurani, Sura ya 28, aya ya 34, Nabii Musa anaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa Harun alikuwa na ulimi fasihi zaidi kuliko wake. Kiungo kinachotajwa hapo ni ulimi. Harun hakusifiwa kwa kuandika, wala sifa yake isingepungua lau asingejua kuandika kabisa. Huu ndio msingi wa neno hili, na Waswahili walilipokea na msingi wake: msemaji fasihi, maneno fasihi, Kiswahili fasihi, na kutoka katika mzizi huo huo, "ufasaha". Kwa muda mrefu neno lilikuwa ni sifa ya usemi kabla halijawa jina la taaluma.

Yafaa kukumbuka kwamba Waarabu wenyewe hawakulichagua neno hili kuitaja taaluma hiyo. Wao hutumia "adab", neno lililobeba pamoja adabu ya mwenendo na adabu ya maneno. Wahausa wakawafuata kwa kusema "adabi". Wasomali wana neno "suugaan", linaloutaja ushairi na sanaa nzima ya lugha, liwe limeandikwa au halikuandikwa. Kiswahili hakikuweza kuifuata njia ya Waarabu kwa wepesi, kwa sababu "adabu" ilikwisha kukaa katika maana ya heshima na malezi mema, na pia katika maana ya adhabu ya kurudi, kama asemavyo mzazi kwamba atamtia mtoto adabu. Hivyo basi uteuzi wa "fasihi" ulikuwa ni uteuzi wa Kiswahili chenyewe, na wenye kuuteua walipata, pengine bila kukusudia, neno lisilotaja kalamu wala karatasi.

Ugomvi wa Kiingereza na kuhamia kwake

Wazungu walipoanza kuzikusanya hadithi na nyimbo za wasioandika, lugha zao ziliwaletea taabu. Mfaransa Paul Sébillot alikiita kitabu chake cha mwaka 1881 kwa jina la "littérature orale" ya Haute-Bretagne. Mtu akilifuata shina la neno, jina hilo lina maana ya "maandishi ya mdomo", jambo linalojipinga lenyewe. Ruth Finnegan alilitumia jina hilo hilo kwa Kiingereza katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1970 kuhusu Afrika, akajaribu kulitetea. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usemi na uandishi, alilikataa kwa ukali, akalifananisha na kumweleza farasi kwa kumwita gari lisilo na magurudumu. Kabla ya hapo Pio Zirimu wa Uganda alikwisha kupendekeza neno jipya, "orature", lenye shina la kinywa badala ya shina la herufi. Nalo lilikubaliwa na wengi, akiwamo Micere Mugo.

Mjini Nairobi ugomvi huu ulikuwa na sura ya kisiasa. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kudai Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu iondolewe, na Afrika iwekwe katikati ya masomo, pamoja na sanaa yake ya mdomo. Waraka huo ulifanya kazi kubwa, na matunda yake bado yanavunwa. Lakini uliandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ulilazimika kupigania nafasi ya ulimi ndani ya neno la herufi. Wanaharakati hao walikuwa wanasukuma mlango uliofungwa na lugha yenyewe waliyoitumia.

Je, Kiswahili kilikuwa na mlango wa namna hiyo? Hapana. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maneno "fasihi simulizi" hayana mgongano wowote, kwani ulimi ndio makao ya kwanza ya ufasaha. Kama kuna kitu kinachohitaji kuelezwa, basi ni "fasihi andishi": ni vipi sifa ya ulimi imeweza kuhifadhiwa katika wino? Hilo lingekuwa swali zuri sana la kufungulia kozi. Badala yake, mafafanuzi mengi yafundishwayo huanza kwa kuiweka fasihi andishi kuwa ndiyo kawaida, kisha fasihi simulizi ikaelezwa kwa yale inayoyakosa: haina mwandishi mmoja, haina umbo moja, haihifadhiwi kwa kitabu. Hivyo ndivyo farasi wa Ong anavyopandishwa katika gari ambalo Kiswahili hakikuliunda.

Hata kivumishi "simulizi" hakikosi walakini. Kusimulia ni kueleza tukio kwa mfuatano wake. Hadithi husimuliwa, na visakale husimuliwa. Lakini kitendawili hutegwa, methali hupigwa au hutolewa, wimbo huimbwa, na jigambo hutambwa. Lugha yenyewe ina kitenzi mahususi kwa takriban kila tanzu, na hazina hiyo ya vitenzi ni nadharia tosha ya utanzu kwa mwenye kuichunguza. Kuzikusanya zote chini ya usimulizi ni kuzipima kwa kipimo cha hadithi, tanzu iliyo karibu zaidi na riwaya.

Historia ya sanaa ya Kiswahili nayo haiungi mkono mgawanyo huu. Utendi wa Tambuka ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa hati za Kiarabu mwaka 1728. Lakini tenzi za namna hiyo ziliandikwa ili zighaniwe, na wengi waliozijua walizijua kwa masikio. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yanaonyesha mwendo wa kinyume. Sehemu kubwa ya yale yaliyosalia yaliokolewa kutoka katika kumbukumbu za watu, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua aliyemsaidia W. E. Taylor, kisha William Hichens akayatoa kuwa diwani mwaka 1940. Je, Muyaka ni mtunzi wa fasihi simulizi au andishi? Swali hili huwasumbua tu wale waliokwisha kulikubali shina la "littera". Kwa Muyaka na wasikilizaji wake lililokuwa muhimu ni kama shairi limetungika na kama jibu lake limekata.

Hasara za kisawe kimoja

Hasara ya kwanza huonekana katika tasnifu. Kila mtafiti hutakiwa kupitia yale yaliyokwisha kuandikwa juu ya mada yake, na sehemu hiyo kwa Kiingereza hutumia neno "literature" kwa ile maana yake kongwe. Baadhi ya wanafunzi huiita sehemu hiyo "mapitio ya fasihi", hata pale mada ni fonolojia ya lahaja au ufundishaji wa sarufi. Msomaji hutarajia kukuta riwaya na mashairi, akakuta ripoti na makala. Wengine wamelitambua kosa hilo wakasema "mapitio ya maandishi", na hilo ni afadhali, ingawa nalo huwafungia nje watafiti waliotumia kanda zilizorekodiwa na mihadhara isiyochapishwa. "Mapitio ya kazi tangulizi", ambayo tayari hutumiwa na baadhi ya wanazuoni, hulitimiza kusudio bila kuileta herufi wala sanaa mahali zisipoitwa.

Hasara ya pili ni ya upande wa pili, na ni hatari zaidi kwa kuwa inajificha ndani ya fadhila. Ikiwa fasihi ni ufasaha, mtu anaweza kudai kwamba kisichosemwa kwa Kiswahili kisafi si fasihi. Kwa hoja hiyo, kuli wa bandarini katika tamthilia hatakiwi kusema kama kuli, na kijana wa mtaani katika riwaya hatakiwi kusema Sheng. Mjadala uliozuka baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 ulikuwa na harufu ya hoja hiyo: mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kimapokeo yalionekana na baadhi ya wahakiki kuwa yameukosa ustahiki wa kuitwa mashairi. Wahakiki hao walikuwa na haki ya kutetea arudhi. Ila usafi wa umbo hautoshi kuwa mpaka wa sanaa nzima. Povu likishaondolewa, bado mtu hana budi kuuliza maziwa yenyewe ni ya namna gani.

Hapa ndipo inapofaa kujihadhari na etimolojia yenyewe. Methali husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini neno lililofungwa katika asili yake lisiruhusiwe kukua ni mtumwa vile vile. "Literature" ilianza kwa herufi ikafika hadi kwa nyimbo za Dylan. Na "fasihi" imetoka katika sifa ya msemaji ikawa jina la taaluma nzima. Historia ya neno haiamui maana yake ya leo. Kazi yake ni kuonyesha mahali neno linapoegemea pale watumiaji wake wanaposahau kulisimamisha. Kiingereza kikisahauliwa huegemea rafu ya vitabu. Kiswahili kikisahauliwa huegemea mimbari ya msemaji. Kila egemeo lina watu wake linaowaacha nje: la kwanza huwaacha wasioandika, na la pili huwaacha wasiosema kama mimbari itakavyo.

Ubaya wa kuyafanya maneno haya mawili kuwa pacha ni kwamba Kiswahili hujikuta kimeegemea pande zote mbili kwa pamoja. Bibi wa kijijini anayetega vitendawili kwa lahaja yake anaweza kuachwa mara mbili: mara moja kwa kuwa hakuandika, na mara ya pili kwa kuwa hakusanifisha. Iwapo nadharia ya fasihi haina nafasi ya bibi huyo isipokuwa katika sura ya utangulizi, basi waraka wa mwaka 1968 haujatekelezwa katika lugha ambayo ingeutekeleza kwa urahisi zaidi.

Hitimisho

Mapendekezo yatokanayo na uchunguzi huu ni machache. Kwanza, kisawe kimoja kisitumiwe kwa maana zote za neno la Kiingereza: "fasihi" ibaki kuwa ya sanaa ya lugha, jumla ya yaliyoandikwa juu ya mada iitwe maandishi au kazi tangulizi, na karatasi za mchuuzi ziitwe vipeperushi. Pili, mafafanuzi ya fasihi yafundishwayo vyuoni na shuleni yaanze na ulimi, kisha yaeleze jinsi maandishi yalivyoupanua uwezo wake na yalivyoupunguza. Maana katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, karatasi ya tatu ya Kiswahili imezikusanya fasihi simulizi na andishi pamoja, na mwanafunzi anastahili kuelezwa kwa nini zinakaa katika karatasi moja. Tatu, vitenzi vya jadi vya tanzu, yaani kutega, kupiga, kughani, kutamba na kusimulia, vifanywe msingi wa uainishaji badala ya kuachwa kuwa mapambo.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji neno jipya kuundwa. Waandishi wa Kiingereza walilazimika kuunda "orature" kwa sababu neno lao liliwafungia mlango. Kiswahili kina neno ambalo tangu mwanzo liliukubali mdomo. Kilichobaki ni kwa wataalamu wake kulitumia kama wanavyolijua wenyewe, bila ya kulisoma kwa miwani ya neno jingine.